Kuku Ndani ya Muzunguko

Na uzee wangu huu wote sijapata kuona haya kama siku ile, lakini acha nianzie mbali, maana haya yenyewe inatoka mbali. Kule Likasi, nikiwa mutoto, mama alinituma kwa tonton wake, mujomba wa kule gare ya treni, nikaenda mukono mutupu, na yule muzee (ndevu kama ufagio, ameisha kufa, Mungu amupumzishe) akaniacha nisimame mulangoni mpaka jua likashuka, akisema muntu anayeingia kwa watu mukono mutupu anaingia kama polisi. Tangu pale, bon, hata kwa dokta naenda na kitu.

Sasa hapa Bruxelles, kisha bibi yangu wa ndoa kufa, nilikuwa nashinda chumbani Saint-Gilles nikibishana na redio. Aliyenihurumia ni Maman Agnès, mujane wa Bukavu, mwanamuke wa sauti ya pole. Akaniambia kuna ibada ya inje, porini kule tramu inakoishia, pasteur ni mwanamuke mubelji, anafuata njia ya Wakristo wa zamani wa Irlande waliokuwa wanamusifu Mungu katika upepo na maji na miti, hawangoji paa. "Kila muntu alete kiumbe kimoja cha kumushukuru Mungu," akasema, "na wewe, Papa Ilunga, utasimama karibu yangu."

Ile "karibu yangu" njo iliniharibu akili. Koti nilipiga pasi, nikarudilia. Nikaenda Anderlecht kwa rafiki anayefuga nyuma ya nyumba, nikachukua kuku mwekundu, munene, nikamufunga miguu, nikamutia ndani ya mufuko wa mistari, nikapanda tramu (alilia njiani, nikakohoa juu yake).

Kule porini pasteur akatuzunguka polepole, kidole kimeelekea chini, anachora muzunguko usioonekana, akimuomba Mungu kila kilicho ndani kisiguswe na ubaya. Kisha watu wakaweka viumbe vyao: huyu jiwe, huyu unyoya, huyu jani, mwingine maji ya mvua katika kikombe, na mimi nikawahurumia kweli, nikawaza hawa watu wa Ulaya, na mali yao yote, ni maskini wa sadaka. Nikafungua mufuko.

Pasteur akapiga magoti, machozi yanamulenga, akamufungua kuku miguu, akauliza anaitwa nani. Nikajibu kwa Kifaransa, "Poulet," yaani kuku tu. Wakacheka kwa upendo, Maman Agnès naye akanigusa kiwiko. Ningalinyamaza pale, pengine leo ningekuwa na muntu wa kunipikia chai.

Lakini kwetu, donc, ukimutolea pasteur kuku haumuachii kazi ya kuchinja, hiyo si adabu. Nikamushika kuku bawa, nikatoa kakisu kangu mufukoni, nikauliza kwa heshima kama tumukatie pale chini ya muti ao pembeni, damu isiharibu maji ya yule mwenye kikombe. Watu wakarudi nyuma. Mutoto mumoja akaanza kulia. Pasteur akasimama kati ya kuku na mimi, mikono wazi, na mimi mujinga nikafikiri hajasikia Kifaransa changu, nikamuonyesha kwa kidole shingoni.

Maman Agnès alikuwa anaangalia viatu vyake. Akaniambia kwa Kiswahili, polepole, kama muntu anayeongea na mugonjwa, "Papa, nilisema kiumbe. Sikusema chakula."

Nikamujibu, "Maman, kwetu si ni kitu kimoja?"

Akasogea, hatua ndogo tu, akaenda kusimama upande wa pasteur. Kuku naye akawafuata.

Nasikia yule kuku sasa anaishi katika bustani ya pasteur, anataga, na Maman Agnès anamupelekea mahindi. Mimi sikuuliza. Siku ile nilifunga kakisu, nikakunja mufuko wangu mutupu, nikaruka ule mustari usioonekana (niliinua muguu kabisa, nisiukanyage), nikaenda kungojea tramu. Wakaniita. Sikugeuka, na kule sijarudi.