Springi Hailii

Nakumbuka adhuhuri moja ya jua kali, mwanangu, nilipompelekea mume wangu, huyu mzee wangu, chakula Kariakoo. Nilikuwa sijamaliza hata mwaka kwenye ndoa, mimba ya kwanza tumboni, miguu imevimba hata ndala haziingii. Sogea karibu, sauti yangu siku hizi haifiki mbali.

Tulikuwa tumepanga chumba Buguruni, mimi, yeye na wadogo zake. Alfajiri nachoma vitumbua vya kuuza, nikirudi nafua, nachota maji, napika. Wanasema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Basi Mnyamwezi wa chumba kile nilikuwa mimi, Mndengereko wa watu! Sikulalamika. Nilijivunia, eti mke mwema hana malalamiko. Ujinga mtupu. Kichwa kilikuwa kikiniuma siku nenda siku rudi, macho yanaona vimulimuli, nami nikameza mate nikanyamaza.

Mzee wangu ni fundi wa zile mota za zamani za kufungulia milango ya gereji, zenye cheni na reli juu ya dari. Mpaka leo watu wanamfuata, maana spea za mota hizo hazipo tena madukani, labda uchokonoe mota iliyokufa uponye nyingine. Siku hiyo alikuwa kwa Bi Zuhura, mama mmoja wa Kiarabu aliyeuza vitambaa, nyumba yake ina gereji chini. Mota yake ilikuwa inalia, na kila fundi aliyeitwa alibadilisha gia. Gia mpya nayo inalika meno, mota inalia tena.

Mzee wangu hakuigusa gia. Aliichomoa mota kwenye mlango, akamwomba Bi Zuhura aunyanyue mlango kwa mkono. Haukunyanyuka hata shubiri.

"Unaona, mama? Mota haibebi mlango, inausukuma tu. Zinazobeba ni hizi springi mbili, na zimechoka zote. Mnamtibu anayelia, kumbe mgonjwa mwingine."

"Mbona hazikutoa hata sauti?" Bi Zuhura akauliza.

"Springi hailii, mama. Inabeba, inabeba, siku moja inakatika."

Bi Zuhura alikuwa ananitazama mimi, nimeegemea ukuta na kapu la chakula mkononi.

"Na wewe binti, hiyo miguu tangu lini?"

"Si kitu, mama. Nimezoea."

"Umezoea nini? Hebu mwambie mumeo hapa hapa, mbele yangu, unavyojisikia! Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Niliona haya, lakini yule mama hakuwa mtu wa kubishana naye. Nikasema yote, kichwa, macho, usiku nisiolala, machozi yakinitoka. Mzee wangu, mtu anayesikia gia iliyolika akiwa ng'ambo ya barabara, aliweka spana chini, akaniuliza:

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

Kazi ikaachwa pale pale. Bi Zuhura akasimamisha teksi, tukaenda hospitali. Kumbe presha ilikuwa imepanda vibaya. Daktari akatuambia kwamba tungengoja kesho, mume wangu angechimba makaburi mawili. Nililazwa mpaka nikajifungua. Yule mtoto leo ana wanawe, alhamdulillahi.

Tumezeeka pamoja, na mpaka sasa kila jioni ananiuliza, "Leo umechokaje?" Nami namjibu ukweli, hata ukiwa unakera. Leo nimechoka sana, mwanangu. Magoti yanauma, mgongo unauma, hata kuongea kunanichosha. Nimeshamwambia, ndiyo maana unamwona yuko jikoni.

Basi sikia. Ukiwa wewe ndiye unayebeba nyumba, sema kabla hujaanguka. Mficha uchi hazai, na hakuna atakayekupa nishani kwa kufa kimya. Na ukiwa ndiye unayebebwa, usingoje mwenzako alie. Mtafute yule asiyesema kitu, umuulize, kisha kaa chini usikilize jibu lote, hata likikuchoma.

Mungu akupe mtu wa kukuuliza, mwanangu, na akupe ulimi wa kumjibu.