Asubuhi Isiyo na Upepo

Kazi yangu kwenye mpira wa kikapu ilikuwa moja tu: kusimama chini ya ringi na kuupiga kofi mpira wa yeyote aliyethubutu kuja. Uwanja wetu wa Bukoba uko jirani na ziwa, na upepo wa mchana ukianza, mpira uliorushwa kutoka mbali unapotea njia. Kwa hiyo kila mtu alilazimika kuingia ndani kufunga, na ndani nilikuwepo mimi. Wasichana wa timu ya Kahororo wakiniona walikuwa wanaguna.

Kocha mmoja akaja kutoka Dar kutafuta mchezaji wa timu ya kulipwa. Mmoja tu. Akapanga majaribio saa mbili asubuhi. Saa mbili, jamani! Saa hiyo hata jani la mgomba halitikisiki.

Mama alikuwa ametoka kijijini kwetu Izimbya alfajiri, akakaa pembeni na rozari yake mkononi. Hakuwahi kuniona nikicheza.

Tukaanza. Kabinti kamoja kembamba kakasimama nyuma ya mstari wa pointi tatu, kakarusha. Chwa! Kakarusha tena, chwa! Wenzake wakaona raha, nao wakaanza kurusha kutoka huko huko. Nikabaki chini ya ringi, mikono juu, kama mtu anayesubiri kupekuliwa. Kocha hanitazami. Nikageukia ziwa: limetulia tuli. Nikasema moyoni, wewe upepo, vuma basi hata kidogo, unaniua.

Wapi! Hofu ikanizidi, nikakafuata kale kabinti hadi mstarini. Kakajifanya kanarusha, nikaruka mzima mzima, kakapita chini ya kwapa langu na kwenda kufunga kwenye ringi isiyo na mtu. Watu wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kocha alikachukua kabinti. Mimi aliniambia, "Urefu unao, dada, lakini siku hizi hawaji ndani. Anayezuia lazima awafuate huko nje, na wewe huko hujui."

Nikaenda kwa mama machozi yakinilenga. Yeye anacheka kwa furaha, hajaelewa lolote.

"Mawe!" akashangaa kwa Kihaya. "Mwanangu unaruka hivyo?"

Kwetu shambani upepo ni adui, unaangusha migomba yenye mikungu. Akaninyanyulia rozari.

"Njia nzima nimesali upepo usivume, ucheze vizuri. Umeona Mungu alivyonisikia?"

"Ahsante, mama," nikasema, nikainama kufunga kamba za viatu vilivyokuwa vimeshafungwa.