Siku Casimir Alipowasemea Wanawake wa Ndagala

Casimir Mutambo alichaguliwa kuwa msemaji wa wachuuzi wa ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, katika mji wa Baraka huko Kongo, kwa sababu mbili: alikuwa na koti, na alikuwa amesoma miaka minne kwa mapadri. Hakuna aliyemuuliza kama anaweza kusema mbele ya watu. Naye aliona haya kukiri kwamba hawezi, akakubali.

Ilikuwa mwaka 1955. Mnunuzi mmoja Mzungu alikuwa anakuja kutafuta samaki wakavu wa kulisha wafanyakazi wa migodini. Kwa majuma mawili Casimir alikariri hotuba ya Kifaransa, akiihutubia mihogo shambani huku mkewe, Pulchérie, akipalilia kando yake.

Siku yenyewe banda la soko lilijaa. Wanawake wanaoanika ndagala walikaa nyuma, na katikati yao Mama Dorothée, mama mkwe wake. Casimir alisimama, akasema "Monsieur," ulimi ukaganda. Maneno yote yalitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Mnunuzi alingoja, akachoka kungoja, akachota ndagala kiganjani, akatafuna, akatema.

"Sababu gani samaki yenu iko na muchanga?"

"Ni bamama, Bwana," Casimir alisikia sauti yake ikijibu. "Mi nabaambiaka, habasikiake."

Maneno hayo yalimtoka bila kukwama hata kidogo. Na yalikuwa uongo. Wanawake walikuwa wamemwomba mikeka ya kuanikia. Yeye ndiye aliyewaambia waanike mchangani, mikeka itawachelewesha.

Mama Dorothée alivuta kitenge chake mabegani, akatazama chini. Mnunuzi alisema atarudi baada ya mwezi mmoja, akaondoka.

Nyumbani Casimir alitegemea kugombezwa. Pulchérie alimwekea bugali na sombe, ile mboga ya majani ya mihogo, akanawa mikono.

"Mama alisema usiende kumusalimia kwa sasa," alisema.

Juma zima Casimir alizunguka nyuma ya nyumba za watu ili asipite ufukweni, walikoanikia wanawake. Mwishowe akamwambia mkewe kwamba ataenda kwa Mama Dorothée, amwombe msamaha huko ndani, wawili tu.

"Ulibaharibia jina mbele ya bantu," Pulchérie alimjibu. "Ulitengeneze mbele ya bantu."

"Mi sijue kusema."

"Siku ile ulijua."

Kesho yake Casimir akashuka ufukweni bila koti, na mikeka kumi kichwani. Akaitua, akasimama katikati ya wanawake. Alisema akitazama vidole vyake.

"Paza sauti!" mmoja alimfokea. "Siye ba huku hatusikie!"

Wengine wakacheka. Ikabidi aanze tena, na mara hii akainua uso.

"Ni mie nilibaambia muanike ku muchanga. Mbele ya Muzungu nilidanganya. Kosa iko yangu."

Mama Dorothée aliendelea kugeuza samaki zake. Lakini alinyoosha mkono, akavuta mkeka mmoja.

Mnunuzi aliporudi, Casimir aliacha Kifaransa. Alisema kwa Kiswahili, taratibu, kosa lilikuwa la nani na limerekebishwa vipi, kisha akamwita Mama Dorothée aonyeshe samaki mwenyewe. Mnunuzi alitafuna, akatafuna tena, akachukua magunia ishirini. Vigelegele vilipopigwa, Casimir alijua si vyake.

Miaka iliyofuata aliitwa kuwasemea watu hata Fizi, kwenye masoko ya pamba. Walimsifu kwamba anasema kama mtu anayevuka mto, akipima kila jiwe kabla ya kulikanyaga. Sifa hizo zilimchoma, kwa maana alijua alikojifunzia: kwenye uongo aliowasingizia wanawake bila kukwama. Mama Dorothée alianza kuitikia salamu zake kiangazi cha mwaka uleule wa 1955 kilipokwisha. Lakini kila Casimir aliposimama kusema hadharani, mama mkwe huyo alikusanya vitu vyake akaenda zake, na Casimir hakuwahi kuthubutu kumwomba abaki.