Ukurasa wa Pili wa Nyanjige

Nyanjige alikuwa mgumu kudanganywa, na alijisifu kwa hilo bila aibu. Kwa hiyo mnunuzi wa pamba hai, ile isiyopuliziwa dawa, alipoonya kwamba kikundi chao cha wanawake wakulima wa Mwanhuzi kikichezea tena kumbukumbu za mashamba ataachana nacho, yeye katibu ndiye aliyetumwa Bariadi kujifunza blokucheni, mnyororo wa kumbukumbu unaoandikwa kwa simu.

Alirudi ameiva. Kila ukurasa mpya hubeba alama ya ule uliotangulia, aliwaeleza wenzake, na nakala zinakaa kwa wakulima, kiwandani na kwa mnunuzi. Ukigusa ukurasa wa zamani, alama zinagoma kuoana na nakala za wengine zinakuumbua. Mwenyekiti wao, Klementina, alinogewa, akataka na viti vya kikundi vya kuazimisha misibani viingizwe humo. Nyanjige alicheka sana. Viti anatunza mwenzao Kabula, na Kabula hana anayemtilia shaka, daftari linatosha. Mnyororo ule ni wa watu wasioaminiana ambao lazima waandike pamoja.

Msimu ulipoanza aliandika humo shamba lake: msimu huu halipuliziwi dawa.

Wiki ya tatu, wakiwa wanakula, mumewe Bujiku alitaja kwamba amemaliza kupulizia choroko. Choroko zenyewe zilikuwa katikati ya mistari ya pamba.

"Mama Shida, nimepulizia choroko tu," alisema. "Pamba sijaigusa."

Hakuwa anatania. Nyanjige aliacha kula; dawa haichagui mstari. Mtambo ulikuwa umepokea maneno yake bila kukohoa na kuyafunga barabara, maana hauna macho ya kuona shamba. Kufuta hakuwezekani. Kunyamaza kunawezekana kabisa, lakini mkaguzi wa mnunuzi akipima majani, wanawake thelathini wa kikundi watakosa soko kwa sababu yake. Aliona aibu, akaona na uchungu wa pamba yake.

Asubuhi aliongeza ukurasa: shamba la Nyanjige limepuliziwa, pamba yake isichanganywe na ya wengine. Ule wa kwanza ukabaki palepale, kila mtu ausome.

Mnunuzi alipokuja alizisoma kurasa hizo mbili, kisha akauliza nani alimshtaki katibu.

"Kajishtaki mwenyewe," Klementina alijibu.

Mnunuzi akakubali kuchukua pamba yote ya kikundi, isipokuwa ya Nyanjige. Nyanjige akavuta simu, akaliandika na hilo.