Uvimbe wa Shavu la Kushoto

Watoto humwita Daktari Pengo, naye huitika. Gego lake moja la chini halipo tangu alipokuwa na miaka tisa. Lilimuuma siku sita mfululizo, na daktari wa meno alikuwa mji wa pili. Baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alishindwa kuvumilia kilio cha mwanawe. Akachemsha koleo, akamwambia, "Jikaze mwanangu, sekunde moja tu." Haikuwa sekunde moja. Na walipomaliza, aliyelia zaidi alikuwa baba.

Tangu hapo binti akawa na wimbo mmoja: atakuwa daktari wa meno, tena wa watoto. Majirani walicheka, baba hakucheka.

Chuoni vitabu havikumsumbua. Kilichomtoa jasho ni mtihani wa vitendo. Mtoto aliyeletwa kwenye kiti alimng'ata kidole, naye akaganda na kioo cha kukagulia meno mkononi mpaka muda ukaisha. Akafeli. Mwalimu wake, mama mmoja asiyecheka ovyo, akamwita pembeni.

"Ulimwambia nini yule mtoto?"

"Nilimwambia afungue mdomo, Mwalimu."

"Wewe ukiambiwa hivyo na mtu usiyemjua, utafungua?"

Miezi sita iliyofuata aliitumia kujifunza kuongea na watoto kabla ya kuwagusa. Aliporudia mtihani, alifaulu.

Wenzake wengi waliomba kazi katikati ya mji. Yeye aliomba zahanati iliyo mwisho wa barabara, pale mabasi yanapogeuzia. Chumba chake kilikuwa na kiti kimoja cha kulalia wagonjwa, sinki, mashine ndogo ya eksirei iliyorithiwa kutoka hospitali nyingine, na dirisha lililopakwa rangi nyeupe nusu ili wapita njia wasichungulie.

Mwezi wake wa pili pale akaingia bibi mmoja muuza mitumba, amemshika mkono mjukuu wa miaka minane. Shavu la kushoto la mtoto lilikuwa limevimba, na chini ya taya palikuwa na kidonda kidogo kinachotoa usaha. Miezi minne walikuwa wamepaka dawa za kila namna. Kinafunga, kinafumuka tena.

"Daktari," bibi alinong'ona, "wameniambia huenda ni ule ugonjwa mbaya. Tumeandikiwa kwenda hospitali kubwa. Nimepita tu hapa kwa sababu jirani amenishikia bango."

Mtoto alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Daktari hakumwambia afungue. Alikaa kwenye kigoda, akampa kioo kidogo cha mpini, akafungua mdomo wake mwenyewe.

"Nihesabie meno. Usinidanganye."

Mtoto akasogea, akahesabu kwa kidole. Alipofika nyuma akashtuka. "Hapa hamna kitu!"

"Eh! Na kwako wewe yamo yote? Hebu tuone."

Mdomo ukafunguka. Gego la chini kushoto lilikuwa limeoza likabaki shimo jeusi. Daktari akampiga picha kwa ile mashine ya eksirei. Picha ikatoka: mzizi wa gego ulikuwa umezungukwa na doa jeusi, na doa lile lilielekea pale pale kwenye kidonda.

Akamgeukia bibi. "Usaha unatoka kwenye jino, Bibi. Umetafuta njia ya kutokea, ukatoboa ngozi."

"Jino?"

"Jino."

"Jino tu?"

"Jino tu, Bibi. Tutaling'oa leo kwa ganzi. Kidonda kitafunga chenyewe."

Bibi alitafuta kiti, akakikosa, akakaa sakafuni na kanga yake. Alicheka, akafuta machozi, akacheka tena. "Miezi minne sijalala, kumbe ni jino! Mungu wangu, jino!"

Ganzi ilipokolea, gego lilitoka bila kelele. Mtoto aliuliza, "Utaanza saa ngapi?" wakati pamba tayari iko mdomoni.

Walipoondoka daktari alifunga mlango, akauegemea, akashusha pumzi ndefu. Safari hii hakuganda.

Baada ya wiki mbili walirudi. Kidonda kilikuwa kimekauka, kimebaki kovu dogo kama punje ya mtama. Bibi alikuja na malalamiko mapya.

"Daktari, zamani alikuwa hasemi kwa maumivu. Sasa anaongea tangu anaamka, hata wateja wangu hawapati nafasi ya kuuliza bei. Huko nako kuna dawa?"

"Huko, Bibi," daktari alisema, "jikaze tu."