Nilimtuma Vero Akamwite Baba Yake Ng'ambo

Nimekosa, jamani, na kosa langu halina wa kusingiziwa. Sikutumwa na mtu, sikulewa, sikulazimishwa. Ni hasira zangu na mdomo wangu huu.

Miaka ya tisini nilikuwa nafundisha darasa la nne katika shule moja ya kijiji, si mbali na Ifakara. Nilikuwa binti tu, nimetoka chuo juzi juzi, najiona najua kila kitu. Darasani kwangu alikuwepo Vero. Mungu wangu, yule mtoto! Ukigusa mfuko wake wa madaftari anakung'ata. Anasinzia kutwa, ukimwamsha anatukana. Siku moja akampasua mwenzake mdomo kwa rula ya mbao.

Nilishamchapa sana. Nilimpigisha magoti juani, nikamfagiza uwanja mzima. Hakulia hata mara moja, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Nilitaka alie!

Sasa kule bondeni, msimu wa mpunga ukifika wazazi wanahamia mashambani, wengine ng'ambo ya mto. Wanakaa huko miezi, wanalala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, wanawinga ndege wasiumalize mpunga. Watoto wanaosoma wanaachwa kijijini wajipikie. Kila mtu anajua. Hata mimi mgeni nilijua, msinionee huruma.

Basi siku hiyo ya rula nikamfokea, "Toka! Usikanyage hapa mpaka uje na baba yako."

"Baba yuko shamba, mwalimu."

"Kwani mimi ndiye niliyempeleka? Mfuate huko huko!"

Mwalimu wa darasa la kwanza, mama mtu mzima, akanivuta pembeni. "Mwanangu, yule anamlea mdogo wake peke yake. Usiku halali, mtoto anamlilia mama. Kwenye ule mfuko anaficha muhogo anaopewa na majirani asubuhi, akitoka hapa ndiyo wanakula. Na mto umejaa, mwanangu. Mwache."

Mnajua nilimjibu nini? "Mama, nakuheshimu, lakini darasa ni langu."

Naona aibu hata kuandika.

Vero akaenda. Mdogo wake, Beno, hakuwa na wa kumwachia usiku, akambeba mgongoni. Wakapata mtumbwi wa wavuvi uliokuwa unavuka. Katikati ya mto kiboko akaupiga, ukapinduka. Wavuvi walimtoa Vero akiwa hai. Beno walimpata kesho yake, kule chini kwenye matete.

Baada ya maziko baba yake akaja shuleni, amemshika Vero mkono. Akavua kofia mlangoni, mzee wa watu, akanisalimia kwa adabu mimi niliye sawa na binti yake.

"Mwalimu, mtoto alisema unaniita. Utanisamehe nimechelewa, tulikuwa na msiba. Amekosa nini?"

Jamani! Afadhali angenizaba kofi. Afadhali angenitukana mbele ya darasa lile lote. Ningemwambia nini, rula? Nikasema, "Hakuna kitu, baba. Akae tu." Akanishukuru, akarudi shamba.

Vero hakupigana tena. Hakung'ata mtu, hakutukana, hakusinzia. Ukimwuliza swali anasimama, anajibu, anakaa. Watoto wakawa wanauchezea mfuko wake na yeye anawatazama tu. Mwalimu mkuu akanisifu kikaoni: "Huyu binti ni mwalimu kweli! Yule sugu amenyooka." Wenzangu wakapiga makofi, isipokuwa yule mama. Nami nikasema asante. Nilisema asante, ndugu zangu!

Mwaka uliofuata niliomba uhamisho. Nikafundisha kwingine, nikaolewa, nikazaa. Mwanangu wa kwanza alipofika umri wa Beno nilikuwa simruhusu hata kuchezea maji ya beseni, mume wangu akadhani nina wazimu. Sijamwambia mpaka leo. Wala sijarudi kumwomba Vero msamaha, maana sijui nitaanzia wapi.

Walimu wenzangu, na nyie wazazi, nawasihi. Mtoto akikusumbua, muulize amelala wapi na amekula nini kabla hujashika fimbo, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize. Na mtoto mkorofi akinyamaza ghafla, usishangilie. Kaulize nyumbani kwao kumetokea nini.