Mama Anataka Nimrudishie Jina Lake

Admin, nifichie jina langu. La mama yangu nalo usiliandike hata kwa herufi ya kwanza, maana hilo jina ndilo linaloniliza.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, Mkongomani wa Kivu Kusini. Tunaishi Marekani, Louisville, huku Okolona. Mimi na mume wangu sote tunapakia mizigo warehouse, yeye usiku na mimi mchana, tunapishana mlangoni. Tuna watoto watatu. Kitinda mimba ni msichana, na nilimpa jina la mama yangu. Mama hajawahi kumwita mjukuu, alimwita wajina. Akipiga simu kutoka Buffalo, anakoishi na kaka yangu kule Riverside, salamu yake ilikuwa hiyo moja: "Wajina yangu iko wapi? Mumupatie simu." Mimi niliyemzaa huyo wajina nilisubiri zamu yangu.

Sasa niseme lenyewe. Sisi ni Wamormoni. Najua wengine mmeshakunja uso. Mama ni Mkatoliki wa rozari mkononi, lakini tulipobatizwa hakutusema. Alisema tu, "Mungu ni moja. Bora musilewe." Kweli hatulewi, na hata chai na kahawa hatunywi. Mama aliona hilo la chai ni kama ugonjwa, ila alituvumilia.

Mwaka jana, siku ya Thanksgiving, tulikutana Columbus kama kawaida yetu, kwa dada yangu anayekaa Linden, kwa kuwa ni katikati ya safari zetu. Tukala fufu na sombe, yale majani ya muhogo, bata mzinga tukamwacha. Kisha dada akawasha televisheni huku anacheka: "Mukuje muone watu wa kanisa yenu!"

Jamani. Walitokea wanawake wa nywele za kung'aa, majiko yao makubwa kuliko ukumbi tunaosalia. Wanakunywa, wanatukanana, wanasimulia walivyochukuliana waume, na kila wakivuta pumzi wanasema "sisi Wamormoni." Kipindi hicho kilipoisha kikaja kingine, cha mzee mwenye wake wengi na mabinti waliovishwa magauni ya kizamani. Watoto wa dada wakawa wanamtafsiria Koko, bibi yao, neno kwa neno, tena kwa raha zao.

Nikasema, "Mama, hao si sisi. Kwetu mwanaume akioa wa pili anafukuzwa."

Mama hakugeuka. "Donc televizion njo inadanganya, wewe njo unasema kweli?"

Binti yangu akanivuta mkono, akaniuliza kwa Kiingereza, "Mom, is that us?" Nilimwambia hapana. Lakini niliona aibu kana kwamba nimeshikwa na kitu cha wizi.

Inaniuma sana. Kanisani kwetu kuna wanaume wa mashati meupe ya mtumba na akina mama waliotoka shifti ya usiku, wanasinzia katikati ya mahubiri. Mume wangu alipolazwa hospitali, hao wasinziaji ndio walionipikia. Hakuna televisheni itakayokuja kutuonyesha tukikoroma. Dada mmoja Mmarekani wa kanisani alinifariji, akasema wao walishazoea, vipindi hivyo wanavicheka tu. Nikacheka naye. Lakini mama yake huketi benchi la mbele kila Jumapili. Huyo dada kipindi kilimuudhi tu, mimi kilinichukulia mama.

Maana mwezi ujao binti yangu, huyo wajina, anafikisha miaka minane, umri ambao kwetu mtoto hubatizwa. Anayembatiza humwita kwa jina lake kamili, kwa sauti, ndipo anamzamisha. Nilimpigia mama kwa furaha, nikidhani miezi imepita na hasira ya ile televisheni imepoa. Nilitaka awepo jina lake likiitwa.

"Jina yangu? Mu mayi ya bale batu?" Yaani maji ya wale watu wa televisheni. "Sikia. Hiyo jina, mama yangu njo alinipatia. Nilikimbia nayo vita. Nyumba ilibakia, baba yako alibakia, jina njo nilitoka nayo. Munirudishie. Mumupatie mutoto ingine, kisha mumubatize vile munapenda."

Admin, nililia mpaka mume wangu akaamka. Tangu siku hiyo mama akipiga anauliza, "Batoto biko bazima?" Wote kwa pamoja, basi. Wajina hamwulizi tena, na mtoto anasimama karibu yangu akingoja kuitwa.

Mume wangu anasema jina ni la mtoto, liko kwenye hati zake zote, mama mzee atapoa. Dada anasema tungoje mpaka mama atangulie. Nawezaje kukaa nikingojea kifo cha mama yangu ili mtoto aingie majini?

Jumapili iliyopita simu ya mama ililia nikiwa jikoni. Mtoto, kumbe alishasikia habari ya jina, aliipokea mwenyewe. Nikamsikia na Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika: "Koko, kamata jina yako. Mi nitatafuta ingine. Lakini ukuje." Nilipofika kuichukua simu, mama alikuwa anapenga kamasi. Nikaita, "Mama?" Kisha simu ikakatika, na hajapiga tena.

Sasa mtoto anajaribu majina. Asubuhi anatuuliza mezani hili linamfaa, au lile. Kaka zake wanadhani ni mchezo, wanamchagulia ya kuchekesha.

Ndugu zangu mnaonisoma, na hasa nyinyi wazee wenye wajina wenu, nisaidieni. Nisogeze ubatizo? Nimvue mtoto jina alilozaliwa nalo? Au niache liitwe, nimpoteze mama? Msinijibu kwa kunitukania dini, hayo nimeshayasikia. Nijibuni nitakachomwambia huyu mtoto, maana jana wakati namsuka aliniuliza kama akipata jina jingine, Koko atajua ni yeye?